Mfuko wa Kushoto wa Koti la Tarishi

Salehe,

Mkono wako wa kushoto ulikuwa mbaya pale jukwaani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kukuambia bila kuinamisha uso. Ulining'inia ubavuni kama mkono wa kuazima. Kila ulipoinua ile barua kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulianza kutafuta pa kwenda: mara kiunoni, mara kwenye kifungo, mara nyuma ya shingo. Niliandika hivyo kwenye safu yangu gazetini na sifuti. Niliandika pia kwamba sauti yako ilikuwa inaanguka mwishoni mwa sentensi, watu wa nyuma wakawa wanapata nusu ya maneno. Hilo nalo sifuti. Unanijua. Hata leo, wewe ukiwa chini ya udongo na mimi nikiwa sina usingizi wa maana, bado nagombana nawe juu ya mkono.

Ninachotaka kufuta ni sentensi moja. Niliandika: "Mara tatu mwigizaji alisahau maneno yake, akasimama akitukodolea macho mpaka yakamrudia." Sentensi hiyo ilikuwa uongo. Nimeandika mambo makali kuhusu wakubwa wengi, wengine wakanitishia mahakama, na sikuwahi kuandika uongo. Wa kwanza nikakuandikia wewe.

Acha niyaseme yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Jumamosi nitayasema mbele za watu, na nataka mdomo wangu uyazoee kwanza.

Hotuba ya Tarishi tuliikuta darasa la tano, katika kile kitabu kisicho na jalada ambacho mwalimu wetu alikifungia kabatini. Hakuna aliyejua nani aliitunga. Baba yako aliisema katika shule hiyohiyo, na babu yangu kule milimani aliisema katika shule yake ya misheni, na wote wawili walidai kwamba ilikuwa ya zamani hata wakati wao. Mtu mmoja anasimama na barua. Bwana Mkubwa amemtuma kwenye kijiji cha mbali, na njia nzima amejivuna mpaka amejisahau. Anawatambia wanakijiji kwamba yeye na Bwana Mkubwa ni kitu kimoja: mwenzake anakaa, yeye anatembea kwa niaba yake. Anataka kuku, anataka kiti chenye mgongo, anataka watu wavue kofia. Mwisho, kwa kuwa hajui kusoma, anaomba asomewe barua aliyoileta. Barua ina mstari mmoja: "Mleta barua hii nimemtuma mbali ili nipumzike."

Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika matumbo. Mimi nilikuwa msichana wa milimani niliyeletwa Kilosa kuishi na shangazi, sina rafiki, Kiswahili changu kimejaa lafudhi ya nyumbani. Wewe, mtoto wa fundi wa Magomeni, ndiye uliyenichukua. Tukitoka shule tulifuata kinjia cha kando ya Mkondoa, na wewe ulikuwa Tarishi njia nzima, barua yako ni jani la mgomba. Ulipofika kwenye swali lake la kwanza, "Nani kati yenu amewahi kumwona Bwana Mkubwa kwa macho yake?", ulisimama katikati ya njia. Kidevu juu. Ulikuwa husogei. Ningekusukuma, ningekuvuta begi, ningekuambia shangazi atanichapa, husogei. Mpaka nijibu, "Hatujamwona!" Hapo ndipo ulipoendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliijua hotuba hiyo kuliko ninavyoijua sasa.

Kisha nikasoma. Nikaenda chuo, nikajaza rafu za vitabu vya tamthilia, nikajifunza jukwaa ni nini na ukimya wa ukumbi ni nini. Wewe ukarithi cherehani ya baba yako. Ulinishonea gauni la siku yangu ya kwanza ya kuhutubia kule Morogoro, ukaweka mfuko wa siri kwa ndani, ukasema, "Kwa ajili ya makaratasi yako, Agi, maana mikono utaihitaji kwa kugombana." Nililivaa gauni hilo mpaka likaisha.

Sasa siku yenyewe. Sherehe ya wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule, mchana wa jua kali. Mimi mgeni wa heshima, kiti cha mbele, chupa ya maji mezani. Nyuma walikaa akina mama wa Magomeni, wateja wako, na watoto wao, wamekuja kumwona fundi wao. Walikuwa wanapiga soga, wanacheka kabla hujatokea. Emsii akanipa kipaza sauti nifungue. Unakumbuka nilichosema? Mimi nilikuwa nimekisahau kabisa mpaka siku ya mazishi yako. Nilisema, "Jamani, hii ni sanaa, siyo unyago. Tukae kimya kama watu waliokwenda shule."

Watu waliokwenda shule. Kuna mama pale nyuma ambaye hakwenda, na mtoto wake alikuwa amekaa mapajani mwake akimwangalia.

Ukatoka. Kofia nyekundu, barua mkononi, ule mkono mwingine ukihangaika. Ukaja kwenye swali la kwanza. Ukasimama, kidevu juu. Na kutoka nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Hatujamwona!" na mwingine akadakia, "Hata wewe hujamwona, muongo!" Watoto wakacheka. Uso wako ukafunguka, niliuona ukifunguka, na sikuuelewa. Niligeuka kitini nikaweka kidole mdomoni. Wakainama. Mmoja akajitanda khanga mpaka kwenye midomo.

Baada ya hapo ukumbi ulikuwa kama kanisa. Ukauliza swali la pili: "Basi nikiwaambia Bwana Mkubwa anafanana na mimi, nani atabisha?" Ukasubiri. Nilihesabu moyoni, nikafika tisa. Mtu alikohoa. Nikaandika kwenye kijitabu changu: amesahau. Ukauliza la tatu, "Nani atanisomea barua hii, maana macho yangu leo yamechoka?" Ukasubiri, jasho likikushuka kwenye shavu. Nikaandika tena. Ukajisomea barua mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyesimama kuipokea. Halafu ukasema swali la mwisho, lile linalofunga hotuba: "Mbona mnacheka?"

Hakuna aliyekuwa anacheka, Salehe. Ulitazama ukumbi mzima uliokuwa haucheki ukatuuliza mbona tunacheka, ukasubiri tukujibu, na mimi nikaandika: amesahau, mara ya tatu.

Makala ilitoka wiki hiyohiyo. Ilikuwa kali na tamu, kama wanavyopenda wasomaji wangu. Ikapigwa picha, ikazunguka kwenye magrupu ya simu, ikarudi Magomeni kabla hata gazeti halijafika.

Ulikuja nyumbani kwangu siku mbili baadaye. Ulisimama mlangoni, hukukaa. Ukasema, "Agi, mkono umeusema kweli. Nitautafutia kazi." Ukacheka, ukaulizia mgongo wangu, ukaondoka. Juu ya maneno uliyosahau hukusema kitu. Nami nilikasirika! Nilikuwa nimeandaa majibu matatu, kila moja na mfano wake kutoka vitabuni, na wewe ukaninyima ugomvi. Nimejiuliza sana mbona hukuniambia tu: Agi, nilikuwa nawasubiri. Sasa najua. Ningebisha. Ningekushinda palepale mlangoni, kwa vitabu, na bado ningekuwa mimi niliyekosea.

Yaliyofuata ameniambia mkeo, Mama Zuhura. Sikuyajua, na sisemi hivyo kujitetea. Sikuyajua kwa sababu sikuuliza.

Maisha yako yote hukuwa na daftari la vipimo. Uliweka futi mabegani kwa mtu, ukamtazama, ukakunja futi, basi. Mtu angerudi baada ya mwaka ungemwambia amekonda wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yako, na wateja walikuwa wanaleta wageni wao kuja kushuhudia. Baada ya makala yangu wakaanza kuja na vikaratasi. Mama Zuhura aliniigizia sauti zao, bila kucheka hata kidogo: "Fundi, nimekuandikia hapa kiuno na urefu, usije ukasahau. Pole lakini, eh? Umri huo." Ulivipokea vyote. Uliwashukuru. Uliviweka kwenye kopo la biskuti chini ya cherehani na hukusoma hata kimoja, na nguo zikawakaa. Nimeliona kopo. Limejaa mpaka kifuniko hakifungi.

Na Mikumi. Walikuwa wamekualika kwenye tamasha lao, hotuba hiyohiyo, jukwaa kubwa, wageni wa kutoka kila upande. Kisha mtu wa kamati akapiga simu. Akasema kwa adabu, wamesikia mzee hayuko sawa kichwani, wasingependa kumtesa mbele za watu, nafasi wamewapa wacheza ngoma. Mzee! Tumezaliwa mwaka mmoja. Ulisema "Haya, hakuna neno," ukakata simu, ukaendelea kushona. Hukupanda jukwaani tena.

Ulifia pale kwenye cherehani, alasiri, mguu ungali kwenye pedali. Presha, walisema. Siku hiyo nilikuwa Morogoro, nabishana redioni. Nilishinda ubishi ule na sasa sikumbuki ulikuwa wa nini.

Nilifika asubuhi ya mazishi. Nilikaa mkekani na wanawake, nikiwa nimejipanga kulia kwa heshima kama mtu mwenye jina. Ndipo watani wa ukoo wenu walipoingia kutoka Tindiga, na mbele yao Bi Tatu, miaka sabini na kitu, koti lako la kazini limemfika magotini, futi yako shingoni, miwani yako kwenye ncha ya pua. Nikamsalimu, "Shikamoo." Akanitazama juu ya miwani. "Marahaba yako nimeiweka. Utaipata ukinilipa faini." Sikuelewa faini gani.

Akasimama mlangoni akazuia jeneza. "Hatoki mtu hapa! Huyu hajanimalizia sketi yangu!" Akawapima wanawake waliokuwa wanalia. "Wewe, kiuno Salehe alikiacha hapa, nani kakihamisha?" Watu wakaanza kucheka machozi yakiwa mashavuni, kama inavyotakiwa, maana mtani kazi yake ndiyo hiyo, na kumkasirikia hakuna ruhusa. Akatembea kama wewe, magoti nje. Akakohoa kama wewe. Kisha akachukua bahasha ya mtu, akainua kidevu.

"Nani kati yenu amewahi kumwona Bwana Mkubwa kwa macho yake?"

Akanyamaza. Akasimama vilevile, Salehe, vilevile kama kule kando ya Mkondoa. Na uwanja mzima ukajibu, "Hatujamwona!" Wanawake mikekani, wanaume nje ya ukuta wa miti, mkeo kutoka ndani kwa sauti iliyokauka. "Basi nikiwaambia anafanana na mimi, nani atabisha?" "Tunabisha!" "Nani atanisomea barua hii?" "Lete!" Na alipouliza mbona mnacheka, walikuwa wanacheka kweli, na walikuwa wanalia, na hakuna aliyejua lipi ni lipi.

Mimi peke yangu sikujibu. Nilikuwa nimekaa katikati yao nikisikia mapengo yako yakijazwa moja baada ya jingine, yale niliyoyahesabu mpaka tisa, na nikakiona kidole changu mdomoni. Huu ndio uigizaji ulioufanya pale ukumbini. Uliwauliza watu wako kama mtani anavyouliza msibani, asiyeondoka mpaka ajibiwe. Nami nimekulia kwenye misiba ya watani. Sikuhitaji kitabu chochote kuelewa. Nilihitaji kukaa nyuma na akina mama.

Bi Tatu akaja mpaka mbele yangu. Akanipima bega kwa bega. "Mama Magazeti! Kichwa hiki kikubwa namna hii kinashonewa kofia gani?" Wakacheka. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya kawaida, ya bibi tu, "Niambie. Nani kasahau maneno hapa?"

Nimejibu mawaziri. Nimejibu maaskofu. Sijawahi kukosa jibu tangu nilipoondoka chuo. Nilihesabu ukimya wangu mwenyewe, nikafika tisa, nikapita.

"Basi faini yako hii," akasema. "Sitaki kitu cha mkobani mwako. Utakwenda Mikumi walikomkataa. Utavaa koti lake. Utaisema wewe hotuba. Na kabla hujaisema utawaambia watu nani alisahau." Kisha akaondoka mlangoni, na ndipo wakakutoa.

Siku ya tatu Mama Zuhura alinipa koti. Silo la kazini. Ni lile ulilolishona kwa ajili ya Mikumi, kitambaa cha kaki, vifungo vya shaba, mabega ya kijeshi ya kumchekesha mtu kabla hujafungua mdomo. Alisema, "Wifi, alilimaliza siku moja kabla ya ile simu. Alikuwa ananivalia jioni, ananiuliza, mkono sasa vipi?"

Nikaingiza mkono wa kushoto. Kuna mfuko. Wa kulia hauna. Ni mmoja tu, wa kushoto, mrefu, umeukata kwa mshazari ili mkono uingie wenyewe na ubaki umeinuka kidogo kama wa mtu mwenye cheo. Mkono wangu ulitulia humo mara moja. Wewe ulikuwa umesoma makala yangu yote. Ulichukua kilichokuwa kweli, ukakishona. Uongo uliniachia mwenyewe.

Nililia juu ya koti lako, na mkeo, badala ya kuninyamazisha, akatoka akaniacha.

Tangu hapo nimefanya yafuatayo, ujue. Nimeandika kwenye safu yangu kwamba hukusahau hata neno moja, na kwamba aliyenyamazisha ukumbi ni mimi. Wameichapa kurasa za ndani, chini ya tangazo la mbegu. Haijapigwa picha na mtu wala haijazunguka kwenye grupu lolote. Makosa yangu huwa yanakwenda kwa pikipiki na masahihisho yangu kwa miguu. Kwa hiyo nimekwenda kwa miguu. Nimepita Magomeni nyumba kwa nyumba na karatasi mkononi, kama Tarishi, nikiwasomea wateja wako. Mama mmoja alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sisi tulijua, mwalimu. Wewe ndiye ulituambia tunyamaze." Alikuwa ni yule aliyejitanda khanga. Nilimwomba radhi. Akanikaribisha chai, nikanywa.

Kamati ya Mikumi nimeipigia. Hawakufurahi, lakini wananiogopa, na kwa mara moja nimetumia woga huo kwa jambo la haki. Wamenipa dakika kumi Jumamosi kwenye tamasha lao, kabla ya wacheza ngoma.

Nafanya mazoezi jikoni. Mimi ni mwigizaji mbaya sana, Salehe, ningejiandika vibaya mno. Maneno ninayo yote. Ninachoshindwa ni kusubiri. Nikiuliza swali, nikifika nne mdomo unanikimbia, najijibu mwenyewe. Maisha yangu yote nimeuliza watu maswali na kujijibu. Koti ni pana kwangu, mikono inanifika vidoleni. Mama Zuhura alitaka kulipunguza. Nimekataa. Halitaguswa uzi.

Bi Tatu ameahidi kuja na kukaa mbele, kunichunga. Akina mama wa Magomeni wamekodi gari. Nimewaomba waje na kelele zao zote.

Basi lala, rafiki yangu. Mola wako akupokee vizuri kuliko nilivyokupokea mimi. Nakuahidi haya na hakuna mengine: Jumamosi nitasimama pale uliponyimwa, nitasema kwanza nani alisahau, nitautia mkono wa kushoto mfukoni, nitainua kidevu. Nitawauliza nani kati yenu amewahi kumwona Bwana Mkubwa kwa macho yake. Kisha nitanyamaza. Nitapita nne, nitapita tisa. Hata Mikumi nzima ikikaa kimya kama watu waliokwenda shule, sitasogea. Nitasimama katikati ya njia kama ulivyosimama wewe, mpaka mtu ajibu.

Agnesi